Fundi Aliyeishonea Mipapai Makoti

Julai ya mwaka 1984 baridi iliua mipapai ya Fundi bondeni Nangara, yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja ulikuwa wa kiume. Waliosimulia habari hiyo baadaye walisema ni baridi. Mimi nilikuwepo. Baridi ilimalizia tu. Kazi iliyotangulia ilifanywa na watu, mchana kweupe, na baadhi yao bado nakutana nao kanisani wakinipa mkono wa amani. Nautoa na wangu, kwa sababu padre anatazama.

Namwandika Fundi jinsi alivyokuwa, maana alipokufa walimsifu kwa sifa zisizo zake. Walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole hata siku moja. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye pindo la gauni lako, na kama limefumuka atakwambia mbele ya watu. Alikuwa mfupi, bega moja limeshuka kwa kukaa miaka mingi kwenye cherehani, na midomo yake ilizoea kubana pini hata wakati hana pini. Hata kuongea aliongea kwa kubana, na kila neno lilitoka na ncha. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba mtu huyu anagomba mpaka usingizini.

"Anagombana na nani?" nikamwuliza.

"Na kitambaa."

Kitambaa hakikuwepo. Aliyekuwa mtu mzima miaka ile anajua. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu ambazo muuzaji alizifuta vumbi kila siku ili aonekane ana kazi. Ukisikia khanga zimekuja unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika mbele unaambiwa zimekwisha, na Jumapili unaziona zimevaliwa na wake wa watu fulani. Sukari hivyo hivyo, sabuni hivyo hivyo. Fundi alikuwa na cherehani nzuri kwenye baraza karibu na soko, na hakuwa na cha kupitisha chini ya sindano. Walimletea viraka. Suruali yenye viraka juu ya viraka aliinyanyua kama mtu aliyeokota kuku mfu, akauliza, "Hapa suruali yenyewe ni ipi?" Juu ya meza yake palikuwa na chupa kubwa ya vifungo, vya shati, vya koti, vya kaunda suti, vya kila rangi. Vingetosha mji mzima, ila nguo za kuvishikiza ndizo hazikuwepo.

Ndiyo maana akaingia kwenye mapapai.

Shamba lake na letu yaligawanywa na ua wa minyaa. Upande wa juu palikuwa tambarare, chini palikuwa bonde na kijito. Alipoanza kuchimba mashimo kule chini nilimwita kutoka uani. Mimi nimetoka juu, Mbulu, na mambo ya baridi sikuyasoma darasani, nimelelewa nayo.

"Fundi, usipande chini. Baridi inatiririka kama maji, inatafuta bonde. Kwetu hata viazi hatuweki bondeni miezi hii."

"Hiyo ni baridi ya kwenu, Mama Safari. Hapa ni Babati."

"Inashuka."

"Inashuka na nini, na basi?" Akajichekea mwenyewe. "Maji yako huku. Nikipanda juu, wewe utanichotea?"

Kuhusu maji alisema kweli, kuhusu baridi alikosea, na ugomvi wetu wa miaka yote ulikuwa huo. Julai ya kwanza miche yake ilikuwa imefika kiunoni. Asubuhi moja akaja uani ameshika jani jeusi, limelegea kama mchicha uliochemshwa.

"Hii ni nini?"

"Ni ile iliyoshuka na basi."

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake alirudi akaniuliza kila kitu: inakuja saa ngapi, inapenda upepo au haipendi, kwa nini nyasi za juu ni mbichi na za chini nyeupe. Hakusema kwamba nilikuwa nimemwambia. Mtu wa kusema hivyo hakuwa yeye.

Watu wanadhani papai linaota lenyewe. Linaota lenyewe jalalani, ndiyo, ukilitaka shambani linakuwa na maadui. Fuko walikula mizizi. Ndege wenye mikia mirefu walitoboa tunda siku ile ile linapoanza manjano. Vidukari walikaa kwenye majani machanga, na wakati wa kiangazi wakaja utitiri, wadudu wadogo kama vumbi jekundu chini ya jani, mpaka jani linapauka na kukunjika. Dawa ya dukani hatukuwahi kuiona. Fundi aliambiwa maji ya sabuni yanawaua, na sabuni ndiyo hiyo ya foleni. Kwa hiyo akaanza kukusanya maji tuliyokwisha kufulia. Alipita nyumba kwa nyumba na debe.

"Mama Safari, maji usimwage."

"Ni machafu, Fundi."

"Sitaki kuyanywa."

Aliyanusa kwanza. Kama hakukuwa na sabuni alijua. "Haya ni ya majivu. Umenidanganya, na nguo zako hazijatakata." Halafu anayabeba hivyo hivyo. Ungemwona jioni amepiga magoti chini ya kila mti, amegeuza jani, anarusha maji kwa kitambaa kwenye upande wa chini, jani kwa jani, huku anawatukana utitiri kwa maneno ambayo mtu wa swala tano hakupaswa kuyajua.

Alikuwa mchoyo wa matunda. Hilo nalisema. Hakuna aliyebonyeza papai lake. Mtu akinyoosha kidole, Fundi alikuwa ameshakipiga. "Kidole chako kinaozesha." Watoto walimwogopa, na mwanangu Safari aliwahi kurudi analia kwa kuokota papai lililoanguka lenyewe. Nilikwenda kumgombeza. Akasema, "Lililoanguka lina wadudu. Angekuja kuomba ningempa la mtini." Safari akaenda kuomba. Akanyimwa, kwa kuwa halikuwa limeiva.

Lakini tusifanye mchezo, mipapai ile ndiyo iliyolisha nyumba yake. Mke wake aliyabeba mapapai sokoni na kwa jirani, akarudi na mahindi, na ugali wa watoto wao ulitoka hapo. Cherehani haikuwa inaleta kitu. Kila aliyepita kwenye ua ule alilijua hilo. Baba Paulo, jirani wa upande wa pili, alilijua vizuri kuliko wote, maana mke wake alikuwa anabadilishana nao mahindi hayo. Mbeleni mtaona kwa nini namtaja.

Mchoyo huyo huyo, mume wangu alipofariki, alikuja kabla ya ndugu zangu hawajashuka kutoka Mbulu. Ndani mwangu hamkuwa na shati zima la kumvalisha Baba Safari. Nilikuwa nimeshika mawili yaliyochanika, natazama lipi lina aibu ndogo. Fundi alisimama mlangoni na shati jeupe limekunjwa mkononi, shati lake la Idd, ambalo sisi sote tulilijua kwa sababu alikuwa nalo hilo tu.

"Baba Safari alikuwa mpana kuliko mimi," akasema. "Nimefumua ubavuni, nimetia kipande. Kipande kitakaa chini, hakitaonekana."

Nikaanza kulia. Akanikemea. "Usililie shati, utaliloanisha. Mlilie mtu." Kabla ya kunipa aligeuza pindo la ndani, akakata kifungo cha akiba kilichoshonwa pale, akakitia mfukoni. "Hiki hakimsaidii."

Sikukuu zilizofuata alikwenda kuswali na shati la viraka. Hakuwahi kulitaja lile jingine. Mimi ndiye ninayelitaja, ili ieleweke ni mtu gani aliyekuja kuitwa mlanguzi.

Sasa habari ya ule mti wa kiume. Mpapai huutambui jinsia yake mpaka uchanue. Fundi alitia mbegu kadhaa kila shimo, akangoja, na maua yakitoka alichagua. Wa kike ua lake limekaa kwenye shina, wa kiume maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu, mengi, yananukia, na tunda hupati. Ya kiume aliing'oa. Aliacha mmoja, katikati ya shamba, kwa sababu bila huo ya kike haizai vizuri. Jioni moja watu walikuwa wamesimama uani wanautania ule mti, na Baba Paulo akauliza kwa nini anaulisha mbolea mti usiozaa.

"Huyu ni Katibu," Fundi akasema. "Maua mengi, papai hakuna. Ila ukimkata, hawa wote hawazai."

Tulicheka. Mimi nilicheka. Katibu wa tawi letu la chama alikuwa mtu wa hotuba, na kila mmoja alizifahamu hotuba zake. Lakini utani ule ulikuwa na sehemu mbili, na Fundi alizisema zote mbili. Baba Paulo alipeleka moja. Aliipeleka lini na kwa malipo gani sijui, na sitasema nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba kabla ya mwezi kwisha, Katibu alisimama dukani kwenye foleni ya chumvi akasema kwa sauti, "Mimi maua mengi, sivyo?" na waliokuwepo wakatazama chini. Sehemu ya pili hakuwahi kupelekewa na mtu.

Makoti yalikuja mwaka ule ule. Ghala la mazao lilikuwa na magunia yaliyochanika na hakuna mapya, kwa hiyo mtunza ghala alimpa Fundi kazi ya kuyashona. Alishona kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani mpaka vidole vikavimba. Yale yaliyokuwa hayashoneki, yaliyoliwa na panya yakabaki matundu, mtunza ghala alimwambia ayachukue, ndiyo ujira wake. Alibeba marobota mawili ya matambara. Mkewe aliyatazama akaenda zake jikoni.

Juni yote Fundi alishona. Alipima kila mpapai kwa futi yake ya kitambaa, shina na kichwa, kama anavyopima watu. Alikata matambara, akaunganisha, akayatia nyasi kavu kati ya tabaka mbili. Kila mti ulipata koti lake, na juu yake kofia ya kufunika kilele pale majani machanga yanapotokea. Kofia ilifungwa kwa vifungo, vifungo halisi kutoka kwenye ile chupa, ili jioni aifunge na asubuhi aifungue jua liingie. Mti wa kwanza kabisa aliutia na ukosi. Nilimwuliza ukosi wa nini.

"Miaka mingapi sijashona ukosi, Mama Safari? Niache."

Watu walitoka Maisaka kuja kuitazama. Ilikuwa kichekesho, ndiyo, shamba zima limesimama na makoti kama wanafunzi mstarini. Baridi ya kwanza ilipita, nyasi zikawa nyeupe bondeni, na mipapai ikafunguliwa kofia asubuhi, majani ni mabichi. Fundi alinionyesha jani moja juu ya ua. Mapapai yalikuwa makubwa, yamepangana kwenye shina, yamebakiza wiki chache.

Ndipo Katibu akaja na watu wake.

Ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, na watu walikuwa wakichukuliwa kwa mche wa sabuni chini ya kitanda. Aliitisha mkutano palepale shambani. Alisimama kwenye tambarare ya juu, akanyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Ndugu wananchi, mahindi ya taifa yanaoza kwa kukosa magunia. Tazameni kazi ya mlanguzi. Miti imevaa!"

Watu wakacheka. Nawaandika kama walivyofanya. Walicheka watu waliokula mapapai yale.

"Ni matambara, Ndugu Katibu," Fundi akasema. "Halipo hata moja linaloshika debe la mahindi. Leteni mahindi, mimineni hapa, tuone."

"Ndugu Fundi, hapa hatuko kwenye cherehani yako."

Mtunza ghala alikuwepo. Alikuwa anatazama viatu vyake kwa makini sana. Nikasema, "Mtunza ghala, si ni wewe uliyempa?" Hakuinua kichwa. Katibu ndiye aliyenigeukia.

"Mama, mwenye nyumba wako yuko wapi, mpaka wewe ndiye unasema mkutanoni?"

Alijua yuko wapi. Alikuja mazishini.

"Yuko kaburini," nikasema, "amevaa shati la Fundi."

Pakawa kimya. Kwa muda kidogo nilidhani kimya kile kitafanya kazi. Kisha Baba Paulo akasema, "Haya, tufanye kazi, jua linakwenda," na kimya kikaisha. Walishuka bondeni. Baba Paulo alishika koti la mti wa karibu akalivuta kwa nguvu, katani ikashika, ganda la mti likachubuka na utomvu mweupe ukamwagika mpaka chini.

"Acheni!" Fundi alipiga kelele. "Msivute! Nitafumua mwenyewe."

Akafumua. Alikwenda mti hadi mti na mkasi wake, akakata mshono kwa mshono, taratibu, asiguse ganda. Kila kifungo alikitoa akakitia mfukoni. Kila koti alilikunja kingo kwa kingo kama nguo ya mteja, akalikabidhi. Walisimama na mikono nyuma wakimngojea. Katibu akamwambia aharakishe, akaendelea na mwendo wake ule ule. Ulipofika mti wenye ukosi alifumua ukosi peke yake kwanza, akautazama, akauweka juu ya lundo.

Hasira niliyokuwa nayo kwa wale watu iliniishia mdomoni, nikabaki na hasira kwa Fundi. Walipoondoka nilimwuliza kwa nini amefumua. Kwa nini amewafanyia kazi yao.

"Wangechubua yote," akasema. "Mti uliochubuka unakufa."

"Na usiovaa je?"

Alitazama juu. Hapakuwa na wingu na hapakuwa na upepo. "Itashuka?"

"Itashuka."

Tuliwasha mabua mabichi pembezoni mwa shamba ili moshi ukae juu ya mipapai. Moshi ulipanda juu moja kwa moja, ukatuacha.

Asubuhi bonde lilikuwa jeupe. Majani yalikuwa bado yamesimama, magumu, ukiyagusa yanatoa sauti. Jua lilipoyapiga yakalegea, na kufika saa nne shamba lote lilikuwa jeusi. Mapapai yalibaki yananing'inia siku chache, mabichi kwa nje, ndani maji. Halafu vilele vikaanza kuoza na harufu ikapanda mpaka kwangu. Mke wake aliyachuma yote akayamwaga kwenye shimo. Hakuna aliyekuja kubadilishana mahindi. Kabla ya mvua, binti yao mkubwa alipelekwa Bonga kwa shangazi yake, kwa sababu chungu hakikutosha wote. Aliondoka na fundo la nguo kichwani, na Fundi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akakaa kwenye cherehani isiyo na kitu.

Na magunia? Yaliwekwa kwenye baraza ya ofisi ya tawi. Hayakupelekwa ghalani. Nilipita pale mwezi wa tisa, yapo. Mbuzi walikuwa wanayalalia. Mvua za Novemba ziliyanyea mpaka yakaota uyoga. Mahindi ya taifa hayakutiwa humo hata kikombe. Watu wote walipita pale na wote waliona.

Fundi alirudi kwenye mipapai yake. Shina la mpapai lina uwazi ndani, na kilele kikioza mvua inaingia na kuozesha mpaka mizizi. Akakata kila mti chini ya pale palipooza, na juu ya kila kisiki akafunika kopo la bati, la maziwa, la rangi, la chochote alichookota. Shamba likawa na visiki vyenye kofia za bati. Alingoja vichipue. Kila siku alipita anafunua, anatazama, anafunika. Vilikauka kimoja kimoja. Katika mipapai yote, uliochipua ubavuni ni ule wa kiume.

Aliniita uani nije nione. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Safari! Katibu amepona!"

Mimi sikuona cha kuchekesha. Mpaka leo sikioni.

Alipanda tena. Palepale chini. Niligomba naye kama siku ya kwanza, akanijibu kama siku ya kwanza, habari ya maji. Mipapai ikakua. Nyakati zikabadilika kidogo, mitumba ikaanza kuingia, vitambaa vikaonekana sokoni, na cherehani ikasikika tena. Binti yake alirudi kutoka Bonga akiwa mrefu kuliko mama yake. Wengine walirudi kwa Fundi kama hakuna kilichotokea. Aliwapima, akawashonea, akawasema kuhusu matumbo yao. Baba Paulo naye alileta suruali. Nilimwambia Fundi kwamba mimi ningemshonea miguu ikiwa imefungana. Akasema, "Atakuja mwenyewe kuniambia haivaliki, halafu nitaishona mara ya pili. Kazi mara mbili ya nini?"

Alikufa masika ya mwaka 1988. Nilikuwa Mbulu namuuguza mama yangu, na niliporudi kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Ndipo nilipoyakuta maneno ya upole. Kwa hiyo mazishi yake sikuyaona, na siwezi kuyaandika. Ninachoweza kuandika ni Julai iliyotangulia.

Nilikuwa nimekwenda kwenye baraza yake kuchukua gauni la kipaimara la binti yangu. Katibu akaingia na kitambaa cha kijivu kwapani. Alikuwa ameshaacha ukatibu, ila jina lilimganda. Alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi na alitaka suti. Fundi akachukua futi.

"Nyoosha mkono."

Akampima mabega, kifua, kiuno. Katibu akaongea habari ya arusi, ya bei ya vitu, ya mvua. Kisha, kama mtu anayeuliza habari za shangazi, akasema, "Na ile mipapai yako, Fundi, bado ipo?"

"Geuka," Fundi akasema.

Katibu alipotoka nilimlipukia Fundi. Sitayaandika yote niliyosema. Alikuwa anachora kitambaa kwa chaki na hakuniangalia. Nilipopumua akaniuliza, "Kaka yako ameshuka?"

"Ameshuka jana."

"Nyasi za huko juu?"

"Nyeupe."

Akaweka chaki chini. Akakunja kitambaa cha kijivu, akafunika cherehani, akachukua shazia na bunda la katani. Aliniachia kufunga mlango.

Siku zilizofuata baraza ilikuwa imefungwa. Alikuwa bondeni, na magunia yake safari hii aliyanunua mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Alinipa shazia nimtungie katani, nikabaki naye natunga, yeye anashona. Ijumaa mchana Katibu akateremka kwenye mteremko akiwa na viatu vya mjini, anateleza.

"Fundi! Suti yangu! Arusi ni kesho!"

Fundi hakugeuka. "Ngoja. Kwanza hawa."

"Hawa nani?"

Alisimama pale, akatazama makoti, na nilimwona anakumbuka. Uso wake ulibadilika kidogo. Nilingoja aseme neno, hata moja. Hakulisema. Aliniamkia mimi, "Habari, Mama Safari," na sikuitika. Sijutii.

Fundi alikuwa amefika kwenye ule mti wa katikati. Ulikuwa mnene sasa, na maua yananing'inia kila upande. Mikono yake miwili haikutosha kuzungusha gunia na kushona. Akasema bila kugeuza kichwa, "Shika hapa."

Nilidhani ananiambia mimi. Katibu ndiye aliyekuwa karibu. Akashika ncha ya gunia.

"Huu ni wa kiume," Katibu akasema baada ya kutazama juu.

"Ndiyo."

"Ndio ule ule?"

"Ndio huo."

"Na huu nao unavalishwa?"

"Bila huyu, hawa wote hawazai," Fundi akasema. "Vuta."

Katibu akavuta. Fundi akapitisha shazia karibu kabisa na kidole cha Katibu, nami nilikuwa natazama kidole kile, natamani kichomwe. Akafunga fundo, akakata katani kwa meno, akafunga kifungo cha kofia.

"Imebaki mingapi?" Katibu akauliza.

Fundi alikwenda kwenye mti uliofuata, na Katibu akaokota gunia lililokuwa chini, akamfuata.